Anayepokea Simu ya Baba

Je, kama ni ndugu yangu kweli?

Swali hilo liliniondolea usingizi msimu mzima wa mvua. Mchana niliweza kulishinda, maana mchana nina hoja. Nimesoma sheria. Shahada yangu imefungwa kwenye plastiki juu ya kabati, na hoja ndicho kitu pekee nilichorudi nacho nyumbani kutoka chuoni. Lakini nikilala tu, hoja zinachoka kabla yangu. Kijana anayepiga kwenye simu ya baba, baba akiwa ameshazikwa, na kumwita mama yangu "maman", ni mwizi. Nilijua hivyo kama sisi wa Bukavu tunavyojua mvua inakuja tukiona kisiwa cha Idjwi kimefutika ziwani. Halafu najigeuza upande wa pili: na kama si mwizi? Kama ni mtoto wa baba, amelia peke yake huko Shabunda, na mimi ndiye ninayemfungia mlango kwa sababu tu nilifundishwa kushuku?

Niseme kwanza jinsi alivyotufikia.

Kwetu mtu akifa, redio inasoma komunike. Si tangazo la maneno mawili. Inataja mjane, watoto mmoja mmoja na mtaa anaokaa kila mmoja, wakwe, wajukuu, ndugu wa marehemu, parokia, mahali pa kilio, na namba ya simu ya kupigia. Kuruka jina la mtu ni kumwambia mbele ya mji mzima kwamba hakuwahi kuwa wa kwenu. Najua watu ambao hawapeani mkono hadi leo kwa sababu ya jina moja lililorukwa kwenye kifo cha mtu ambaye hata wao walimsahau. Komunike ya baba iliandikwa na mdogo wake, baba mdogo wa Bagira, mtu anayependa kusikia familia ikisomwa kwa sauti kama litania ya watakatifu. Aliiandika nyumba ikiwa imejaa watu na masufuria. Redio ikaisoma asubuhi na jioni. Kisha mtu akaipiga picha pamoja na sura ya baba akiwa amevaa koti, ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikaturudia kutoka kwa watu tusiowajua.

Namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya baba mwenyewe. Hakuna aliyeona ubaya. Ndiyo namba ambayo watu wote walikuwa nayo.

Kilio kikaisha. Viti vya kukodi vikarudi kwa wenyewe, turubai likashushwa, watu wakarudia shida zao. Simu ya baba ikabaki kwenye kabati la vyombo, kando ya sanamu ya Bikira Maria. Kurenti ya umeme ikija, kitu cha kwanza ambacho mama alichomeka kilikuwa ile simu, kabla ya yake. Nilimwambia tuifunge. Nikamweleza kwamba namba hii imeshikana na pesa za simu za baba, na grupu ya ujumbe ya familia, na faili lake la ualimu; kwamba tangu vita viingie mjini na mabenki yafunge milango, karibu maisha yote ya mtu yamehamia ndani ya kadi hii ndogo kuliko ukucha. Mama alinisikiliza akichambua maharage.

"Na mwenye hajajua?" akaniuliza. "Muntu anaweza kuwa mbali, hajasikia. Anapiga kusalimia muzee. Akute kimya?"

"Atasikia kwa wengine, maman."

"Hapana. Kifo, muntu anakisikiaka ku nyumba ya marehemu."

Na kweli walipiga. Alipiga mtu aliyefundishwa na baba zamani, sasa yuko Uvira, alitaka ushauri juu ya mtoto wake. Alipiga mama mmoja wa Nyangezi aliyekuwa akimletea baba viazi. Mama alimpokea kila mmoja, akamsimulia ugonjwa toka mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi ni yeye aliyewafariji wao. Miezi ikapita, simu zikapungua, mwishowe zikakatika. Mama akaendelea kuichaji.

Ndipo akapiga yeye.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa. Sikio moja la mama halisikii vizuri, kwa hiyo hufungua sauti kubwa, na nyumba yetu ni ndogo. Simu ya mmoja ni simu ya wote.

"Maman, jambo. Muko aje?"

"Tuko. Njo nani?"

"Maman, sijue naanzia wapi. Miye ni mutoto wa muzee. Wa Shabunda."

Mama akakaa kwenye kiti. Hakupiga kelele. Baba alifundisha Shabunda kabla hawajaoana. Alienda kijana, akarudi mtu mzima, na ya katikati hakutusimulia zaidi ya ubaya wa njia. Nilimwona mama akitazama koti la baba ambalo bado liko nyuma ya mlango, kama mtu anayemuuliza mwenzake swali mbele ya wageni.

"Juu ya nini haukukuya ku kilio?" akasema.

"Nilisikia komunike kwa kuchelewa, maman. Na njia munaijua. Nililia peke yangu. Nilisikia majina ya ndugu zangu yote, yangu haiko. Lakini haina neno. Nani angeniweka?"

Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi, na hata mimi, nisiyeamini mtu, hilo "nani angeniweka" lilinifanya nikiweke chini.

"Pole, mutoto wangu," mama akasema.

Kuanzia hapo akawa anapiga mara kwa mara. Aliuliza mguu wa mama unaendeleaje. Aliuliza kama amekula, amekula nini. Alijua kwamba dada yangu mkubwa anaishi Nyawera, kwamba baba mdogo yuko Bagira, alijua parokia yetu na jina la kila mjukuu. Mama alianza kumwekea maneno, kama unavyomwekea mtu chakula: hii nitamwambia mtoto wa Shabunda.

"Anachekaka kama muzee," aliniambia siku moja.

Nilisikiliza. Alicheka kama mtu yeyote anayecheka kwenye simu.

Nilimfuata dada yangu sokoni. Anauza vitenge pale Nyawera, na huwa hana muda nami kukiwa na wateja; siku hiyo wateja hawakuwepo.

"Anajua vitu vyote vya kwetu," nikamwambia.

"Ni ndugu. Ulitaka ajue bya nani? Bya jirani?"

"Lakini vyote viko kwenye komunike. Hakuna hata kimoja kilicho nje ya komunike."

"Weye!" Akakunja kitenge alichokuwa ameshakikunja. "Siku utaoa, utaomba bibi alete mashahidi kama anakupenda. Acha maman aongee na muntu. Kwani weye unaongeaka naye?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiendelea kubishana naye kichwani, na humo kichwani mwangu pia alinishinda. Maana nilikuwa nimeifungua ile picha ya komunike na kuisoma kama mkataba. Kweli, kila alichokijua yule kijana kilikuwemo. Lakini mtoto ambaye hakuwahi kuishi nasi angetujua kwa njia gani nyingine? Ushahidi uleule ulimfaa mwizi na ulimfaa ndugu. Chuoni walitufundisha kwamba shaka inamfaidi mshtakiwa. Hawakutufundisha jinsi ya kujua mshtakiwa ni nani, yeye au mimi.

Nilichoweza ni kufunga vile vilivyofungika. Nilibadilisha namba ya siri ya mama kwenye pesa zake za simu, maana ilikuwa mwaka wa ndoa yao, na watoto wote wa mtaa waliuimba kwenye jubilei. Mama alijifunza hiyo mpya akiitamka kwa midomo kama rozari, nikamwomba aitamke moyoni. Nilikusanya nakala zote za kadi zetu za mpiga kura, ambazo hapa ndizo kitambulisho chetu cha pekee na ambazo kila ofisi, kila shule, kila mahali pa kuomba kazi hutuomba nakala. Zilizoharibika nikazichana na kuwashia nazo mbabula, jiko letu la makaa. Zile nzuri nikawa naandika kwa kalamu katikati, juu ya maandishi, nakala hii ni ya kazi fulani tu. Dada yangu alinikuta nikifanya hivyo uani.

"Maman, kuya uone! Mutoto wako anachoma jina yake."

Mama alicheka. Nilifurahi kwamba amecheka, hata kama ni mimi niliyechekwa.

Halafu yule kijana akaanza kuomba.

Siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa nimepeleka faili la kuomba kazi, moja katika yale mafaili ninayopeleka na kurudi bila kukumbuka nimepeleka wapi. Nilipoingia nilimkuta mama amelaza kadi ya baba na kadi yake mwenyewe juu ya kitambaa cheupe cha meza, kile cha sikukuu. Simu ya baba ilikuwa katikati ya kadi mbili.

"Nilikuwa nakungoya," akasema. "Miwani yangu iko kwa dada yako. Unisomee."

"Nisome nini?"

Akanieleza, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ya ofisi bila msaada. Kule Kinshasa kuna mtu anayepanga mafaili ya wajane wa walimu wa serikali. Sisi huku hatuwezi kufika, ofisi zetu zimekaa kimya. Mtoto wa Shabunda ana rafiki huko, atatusaidia. Anataka picha ya kadi ya marehemu, mbele na nyuma. Anataka picha ya mama ameshika kadi yake karibu na uso. Na kuna namba imetumwa kwenye simu ya baba, asomewe hiyo namba tu, haraka, faili linafungwa leo. Picha zilikuwa zinangoja simu yangu, maana ya baba kamera yake imekufa. Namba ilikuwa inangoja macho yangu.

Nikaichukua simu. Ujumbe ulikuwa pale, tarakimu zimepangwa, na chini yake kwa Kifaransa: usimpe mtu yeyote. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya kitambaa. Kama miwani ya mama isingesahauliwa Nyawera, yangekuwa yamekwisha.

"Maman, hii si namba ya faili. Huu ni ufunguo. Mwenye kuipata anaingia kwenye ujumbe wa baba, na sura ya baba, na majina yote ya watu wake. Ataandika kwenye grupu ya familia. Watu wataona baba anawaandikia, anaomba msaada."

"Marehemu ataandika?"

"Ndiyo."

"Basi njo ufufuko wa wafu," akasema, bila kucheka. Akavuta kitambaa kidogo, akakinyoosha. "Na kama ni mutoto wake? Mutoto anaombaka karte ya baba yake. Weye haukuombaka?"

Niliomba. Kwenye kila faili langu mwaka huo mlikuwa na nakala ya kadi ya baba, bila kujua ya nini. Nilimwomba tu asubiri, amwambie kijana asubiri. Kijana akasubiri. Hakukasirika, akasema naelewa, maman, muongee na ndugu zangu kwanza. Upole huo ulinitesa kuliko kama angetukana. Mwizi angetukana, niliwaza. Halafu nikawaza: mwizi mzuri asingetukana. Nilichoka na kichwa changu kama mtu anavyochoka na jirani anayegonga ukuta.

Ndipo shangazi wa Idjwi akafika.

Lazima nimweleze shangazi, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwenye komunike. Ni dada mkubwa wa baba, baba yao mmoja, mama mbalimbali. Aliacha shule akiwa mdogo, akauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ili baba amalize masomo. Baba hakula sambaza hata siku moja bila kumtaja kabla ya tonge la kwanza. "Asante ya dada," alisema, na jina lake, na ndipo tukanawa mikono. Wageni walidhani ni sala, na baadhi waliitikia amina. Ila kwenye ile komunike baba mdogo hakumwandika. Anasema ni vurugu za siku ile. Shangazi anasema ni kwa sababu mama yake alikuwa mwingine. Alikaa nyuma wakati wote wa mazishi, akapanda boti kurudi Idjwi bila kula chochote, na hatukumwona tena.

Sasa alikuja, na mananasi mawili kwenye kikapu, kwa sababu misa ya mwaka wa baba ilikuwa inakaribia.

"Sikukuya kwa ule wa Bagira," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekuya kwa mudogo wangu."

"Mudogo wako hayuko tena," mama akamwambia.

"Najua. Lakini njo njia miguu yangu inajua."

Tulikuwa mezani, bugali na sambaza alizoleta mwenyewe, hakuna aliyethubutu kusema ile asante, simu ya baba ikaita. Mama akafungua sauti kubwa. Kijana akaanza na mguu, akaenda kwenye chakula. Shangazi akainua kidevu: nani?

"Mutoto wa muzee, wa Shabunda," mama akamnong'oneza.

Shangazi akajifuta vidole, akanyoosha mkono, mama akampa simu.

"Mutoto, jambo."

"Jambo, maman. Njo nani tena?"

"Miye ni muntu wa Idjwi. Baba yako alikuambiaka nani iko Idjwi?"

Tulisikia upepo kwenye simu, na mahali fulani nyuma muziki.

"Idjwi," akasema. "Aah. Eeh. Muzee alikuwa na barafiki kule."

"Barafiki." Shangazi akatutazama mmoja mmoja. "Na weye ulikulaka naye sambaza?"

"Mara mingi, maman. Alizipendaka sana."

"Mbele ya kula, alisemaka nini?"

"Ee... alisalika. Muzee alikuwa muntu wa Mungu."

"Alisema jina ya nani?"

"Maman, hiyo ni mambo ya zamani, nilikuwa mudogo..."

"Sikia, mutoto. Baba yako angeweza kuficha bibi. Angeweza kuficha mutoto, banaume banafichaka. Kunificha miye, mbele ya sambaza? Ata kuku za Shabunda zinajua jina yangu."

"Ah! Shangazi!" Sauti yake ikaruka juu. "Pardon, shangazi, pardon. Sauti yako imebadilika."

"Imebadilika toka lini? Haujawahi kuisikia." Hakuwa amekasirika. Aliongea kama mtu anayepanga samaki kwenye sinia. "Ku komunike hawakunisoma. Na weye haunijue. Weye na redio, mulisoma karatasi moja."

Simu ikakatika. Shangazi akairudisha mezani, akachukua tonge.

Nilitegemea kusikia moyo wangu ukipumzika. Nilimtazama mama. Alikuwa anaondoa miiba kwenye samaki ambaye hana miiba.

Kesho yake, asubuhi, alipiga tena. Ndiyo ujasiri wa kazi yao, nadhani.

"Maman, ule maman wa jana iko na roho mubaya. Lakini miye nawaza weye. Leo wanafunga dosye ile ya bajane kabisa. Batatuma namba ingine, unisomee tu."

"Kuya kula," mama akamwambia.

"Maman?"

"Nyumba unaijua, redio ilikuelekeza. Kuya, nitapika. Karte iko hapa ku meza, utaiona na macho yako."

"Njia iko mubaya, maman."

"Basi. Njia ikipona, utakuya." Akabonyeza kidude chekundu kwa kidole gumba, polepole, kama anayeua sisimizi asiyemchukia. Kisha akaniambia, bila kunitazama: "Hii miezi yote, nani mwingine alikuwa anapiga hii simu?"

Nilienda kuchota maji. Pipa lilikuwa limejaa.

Usidhani nililala. Nilipomweleza shangazi kwamba sasa tumejua, hakuna mtoto wa Shabunda, alinikatiza. "Huyu njo hayuko. Mwingine anaweza kuwa iko. Shabunda ni kubwa, na mudogo wangu alikuwa kijana." Kwa hiyo nilirudi nilikoanzia, sasa na wezi na ndugu kwenye laini moja. Simu ikibaki wazi, wengine watakuja na sauti nyingine, na siku moja miwani ya mama itakuwa mahali pake. Simu ikifungwa, na yule wa kweli akapiga? Atakuta kimya kile ambacho mama alikikataa toka mwanzo.

Wakati huo baba mdogo akatuma kwenye simu yangu komunike ya misa ya mwaka, tayari imeandikwa. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Na juu kabisa, kabla yake mwenyewe, aliweka jina la shangazi, na jina la baba yao, na kijiji chake huko Idjwi, na namba yake ya simu. Nilijua ilimgharimu nini. Alikuwa anaomba radhi kwa njia pekee anayoijua, mbele ya mji wote.

Nikamsomea shangazi.

"Wakisoma hii, shangazi, wezi watakujua na wewe. Uliyebaki nje ya komunike ni wewe tu, na ndivyo ulivyomnasa."

"Najua. Sina ujinga." Alitazama nje, kule bonde linakoteremka kuelekea ziwani. "Lakini ningependa kusikia jina yangu. Mara moja. Basoma kwa sauti, batu basikie kama alikuwa na dada."

Nilikaa na ile komunike siku nzima, nikaipindua kama ninavyopindua kila kitu, na jioni, nikiwa nakoroga uji wa mama, nikachoka. Sikupata jibu, nilichoka tu, na uchovu ule ukaniamulia kile ambacho akili ilikuwa inakizunguka. Majina ni ya wale wanaokuja. Anayekuja na miguu yake, akakaa kwenye benchi na sisi, na asikie kila jina tulilo nalo. Anayesikiliza kutoka tusikokujua, inatosha ajue mlango uko wapi.

Nikampigia baba mdogo, nikamwomba majina yasisomwe redioni.

"Unataka batu baseme marehemu hakuwa na familia?" akapaza sauti.

"Familia itaonekana kanisani, papa mudogo. Wewe mwenyewe utasoma majina pale mbele, mwisho wa misa. Yote. Uanze na shangazi."

"Miye njo nitasoma?"

"Ni wewe."

"Weye na sheria yako," akasema, lakini sauti ilishuka, na nikajua atanunua tai.

Kesho yake tulishuka Nyawera, mama na mimi, na kadi ya baba, na karatasi ya kifo chake, na simu ndani ya pochi ya mama. Kwenye ajansi ya simu, msichana wa dirishani alituuliza kama tunataka kuhamisha namba au kuifunga kabisa.

Nikamtazama mama. Sikutaka niseme mimi.

"Bwana yangu amepumzika," akasema. "Na simu ipumzike. Imefanya kazi."

Alitoa kadi ndogo mwenyewe kwa ukucha wake. Simu yenyewe akairudisha kwenye pochi.

Kutoka pale tukapanda hadi kwenye redio. Nilikuwa nimeiandika kwenye nusu karatasi. Misa ya kumkumbuka marehemu itasomwa Jumamosi asubuhi kwenye parokia yake. Simu ya marehemu imefungwa, na familia haiombi wala haitumi chochote kwa simu. Anayemtafuta, awe wa karibu au wa mbali, tunayemjua au tusiyemjua, aje kanisani au apige hodi nyumbani, atapokelewa.

Mpokea matangazo akaigeuza karatasi kutazama nyuma.

"Ni hii tu? Bila batoto, bila bajukuu? Batu yenu iko wapi?"

"Wako," nikamwambia.

Akamwangalia mama. Mama akaitikia kwa kichwa. Akapiga muhuri, akaiweka juu ya rundo la zile ndefu, na sisi tukashuka kuchukua miwani kwa dada.